Beatles na uzio wa vyuma: Picha ile ilipigwa katika makaburi gani?

WAPENZI wa muziki waliowahi kuzishika mikononi zile santuri mbili za mkusanyiko wa nyimbo za Beatles, moja ya jalada jekundu na nyingine ya jalada la buluu, bila shaka wanaikumbuka picha iliyomo ndani. Ukilifungua jalada kama kitabu unakutana na umati wa watu wa kawaida, wakubwa kwa wadogo, waliobanana kwenye uzio wa vyuma. Ni baada ya kuukagua umati huo uso kwa uso ndipo unapogundua kwamba miongoni mwao wamo John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr.

Santuri hizo ziliingia madukani mwaka wa 1973, miaka mitatu baada ya bendi hiyo ya Liverpool kusambaratika. Picha za nje ya majalada hazijawahi kumsumbua mtu. Zilipigwa na Angus McBean, moja mwaka wa 1963 na nyingine mwaka wa 1969, kwenye ngazi za makao ya kampuni ya muziki ya EMI huko Manchester Square, jijini London. Vijana ni wale wale na ukingo wanaouegemea ni ule ule. Kilichobadilika ni nywele na ndevu.

Picha ya ndani ndiyo inayozua swali. Hakuna mnara wa saa ya Bunge nyuma yao, hakuna daraja la Mto Thames, hakuna basi jekundu la ghorofa. Kuna uzio na kuna watu. Je, uzio ule ni wa wapi?

Jibu fupi ni kwamba ni uzio wa ua wa kanisa la kale la Mtakatifu Pancras, katika eneo la Camden, nyuma ya stesheni ya treni yenye jina hilo hilo la St Pancras. Ua huo ni makaburi, tena makaburi ambayo historia yake ingetosha kujaza kitabu kizima bila ya Beatles kutajwa hata mara moja. Jibu refu ndilo lenye ladha zaidi, kwa kuwa linaonyesha jinsi picha inavyosomwa, na pia kwa nini katika makaburi hayo mawe ya makaburi, ambayo mtu angedhani ndiyo shahidi wa kwanza, hayafai kuaminiwa upesi.

Tuanze na siku yenyewe. Jumapili, Julai 28, 1968, Beatles walikuwa katikati ya kazi ya kurekodi ile albamu ambayo mashabiki huiita Albamu Nyeupe. Ilikuwa ni kesho yake, Jumatatu, ndipo walipoanza kuushughulikia studioni wimbo "Hey Jude". Walihitaji picha mpya za kuwapa wanahabari, kwa sababu zilizokuwapo hazikufanana tena na sura zao. Badala ya kukaa chini ya taa za studio kutwa nzima, waliamua kulizunguka jiji wakiwa na kundi dogo la wapigapicha, wakishuka garini popote palipowapendeza na kuondoka kabla ya umati kuwazonga. Siku hiyo imepewa na Waingereza jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita matembezi ya kichaa.

Mpigapicha mkuu hakuwa mtu wa muziki hata kidogo. Don McCullin alikuwa ameshajijengea jina kwa kupiga picha za vita. Mwaka wa 1964 alifika Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo, akiwa amejichanganya na mamluki ili aweze kuingia Congo wakati wa uasi wa Simba. Mapema mwaka huo huo wa 1968 alikuwa Hue, nchini Vietnam, katikati ya mapigano. Mtu wa namna hiyo kuitwa awapige picha vijana wanne wenye nywele ndefu wakichezacheza bustanini ni jambo la kushangaza kidogo, naye mwenyewe hajaacha kulisimulia. Picha zake za siku hiyo alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2010.

Lakini McCullin hakuwa peke yake, na hapo ndipo utata unapoanza. Alikuwapo Ronald Fitzgibbon, aliyefuatana na kijana aitwaye Tom Murray. Alikuwapo Stephen Goldblatt, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kama mpigapicha wa sinema huko Marekani. Tony Bramwell, mfanyakazi wa bendi, naye alikuwa na kamera yake. Kila mmoja alirudi nyumbani na filamu zake, na kila mmoja akabaki na kumbukumbu zake. Picha hizo hazikutolewa zote kwa pamoja. Zilisambaa kidogo kidogo kwa miaka mingi, nyingine zikiwa zimeandikwa mahali zilipopigwa, nyingine zikiwa hazina maelezo yoyote.

Sisi tunaofanya kazi magazetini tunalijua vyema balaa la maelezo ya picha. Mtu mmoja akikosea mara moja, wa pili atanakili kosa hilo kwa nia njema, na wa kumi atalinukuu kama ukweli uliothibitishwa na watu tisa. Kulirekebisha kosa la namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kulifanya.

Vituo vya siku hiyo vinajulikana kwa jumla. Kazi ilianzia katika jumba la gazeti la The Sunday Times, barabara ya Gray's Inn. Wakaenda Mercury Theatre, ukumbi wa maonyesho ulioko Notting Hill Gate. Walipiga picha pia katika mzunguko wa barabara wa Old Street, na kando ya Mto Thames huko Wapping, ambako John Lennon alilala chini kana kwamba amekufa huku wenzake wakimzunguka. Picha hiyo imekuwa nzito kuitazama tangu alipouawa kwa risasi jijini New York mnamo Desemba 1980. Walimalizia nyumbani kwa Paul McCartney, mtaa wa Cavendish Avenue. Katikati ya yote hayo kuna makaburi.

Au tuseme kuna makaburi mara mbili, kwa sababu orodha za vituo zinazopokezanwa na mashabiki hutaja majina mawili: Highgate na St Pancras. Yote mawili yako kaskazini mwa jiji, yote ni ya kale, na yote yamejaa watu mashuhuri waliolala chini ya mawe ya karne ya 19. Mtu asiyeyajua akiambiwa kwamba picha fulani ya Beatles ilipigwa "katika makaburi ya zamani ya London" anaweza kutaja lolote kati ya hayo mawili bila kuona aibu. Kuyatenganisha ndiyo kazi yenyewe.

Highgate yalifunguliwa mwaka wa 1839. Wakati huo nyua za makanisa ya London zilikuwa zimefurika maiti kiasi cha kuhatarisha afya ya umma, na kampuni za kibiashara zikaruhusiwa kuanzisha makaburi makubwa pembezoni mwa jiji. Yalianzishwa saba kati ya mwaka wa 1833 na 1841, na Highgate ni mojawapo. Yako mlimani, yamegawanyika sehemu mbili na njia nyembamba iitwayo Swain's Lane, na mgeni wake anayetembelewa zaidi ni Karl Marx, aliyezikwa hapo mwaka wa 1883. Sanamu kubwa ya kichwa chake, kazi ya Laurence Bradshaw, iliwekwa mwaka wa 1956. Jirani yake amelala Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyepigania haki za watu weusi Uingereza, na baadaye akaongezwa Yusuf Dadoo, mpinzani wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Jambo la kuzingatia kuhusu Highgate ni kwamba yalipangwa tangu mwanzo yawe makaburi. Mawe yako pale yalipowekwa, juu ya watu ambao majina yao yamechongwa juu yake. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ilikuwa imeanza kutelekezwa. Miti na mitambaazi iliyameza mawe, hata kufikia mwaka wa 1975 wakazi wakalazimika kuunda chama cha kuyaokoa. Picha iliyopigwa humo mwaka wa 1968 ingetarajiwa kuonyesha kichaka, si bustani.

Sasa zitazame picha nyingine za siku ile. Katika mojawapo ya zile zinazojulikana sana, iliyopigwa na Tom Murray, Beatles wamo ndani ya maua marefu, yale ambayo mashina yake husimama wima kuliko kimo cha mtoto na kuchanua katikati ya majira ya joto. Hayo ni maua yaliyopandwa na kutunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Katika picha nyingine wamesimama mlangoni mwa kanisa. Uzio, bustani yenye maua, mlango wa kanisa: vitu vitatu vilivyo hatua chache kimoja kutoka kwa kingine. Makaburi ya kampuni yana vikanisa vya kuombea maiti, lakini hayana kanisa la parokia ambalo waumini wa mtaa hukusanyika kila Jumapili kwa karne nyingi. Ua wa St Pancras unalo.

Na kanisa hilo lina sura yake. Eneo lake hudaiwa kuwa miongoni mwa mahali pa kale zaidi pa ibada ya Kikristo katika England, ingawa madai ya aina hiyo hupenda kukua kila yanaposimuliwa. Kilicho hakika ni kwamba ndani ya kuta zake kuna mabaki ya ujenzi wa Enzi za Kati, na kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya miaka ya 1847 na 1848. Mnara wa zamani wa upande wa magharibi uliondolewa, jengo likarefushwa, na mnara mpya ukajengwa upande wa kusini. Mnara ulioko ubavuni si jambo la kila kanisa. Mpigapicha anaweza kusahau alikuwa wapi, lakini ukuta hausahau.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii: tafuta ndani ya picha kitu kisichoweza kuhama. Mavazi hayasaidii sana, kwa kuwa mtu huweza kuvaa koti moja vituo vitano. Watu hawasaidii, labda apatikane mmoja wao aliye hai na mwenye kumbukumbu. Hata miti hudanganya, maana hukua na kukatwa. Jiwe la kaburi lenye jina, kwa kawaida, ndilo ushahidi bora kuliko wote, kwa sababu marehemu mmoja huzikwa mahali pamoja.

Beatles wenyewe wanatupa mfano mzuri wa kanuni hiyo. Katika ua wa kanisa la Mtakatifu Petro huko Woolton, kitongoji cha Liverpool, kuna jiwe lenye jina la Eleanor Rigby, mwanamke aliyefariki mwaka wa 1939. Ni katika sherehe ya kanisa hilo, Julai 6, 1957, ambapo John Lennon na Paul McCartney walikutana kwa mara ya kwanza. Miaka tisa baadaye bendi yao ilitoa wimbo wenye jina hilo hilo. McCartney amekuwa akisema kwamba hakumbuki kulitoa jina hilo kwenye jiwe. Iwe ilivyokuwa, yeyote anayepiga picha mbele ya jiwe hilo hahitaji kueleza alikuwa wapi. Jiwe limeshaeleza.

Katika St Pancras kanuni hiyo inavunjika, na sababu yake ni reli.

Maziko katika ua ule yalisimamishwa miaka ya 1850, baada ya ardhi kujaa kupita kiasi. Kabla ya hapo walikuwa wamezikwa watu wa kila namna, wakiwemo Wakatoliki wengi waliokimbia mapinduzi ya Ufaransa. Wezi wa maiti, waliokuwa wakifukua miili mipya na kuiuza kwa madaktari, waliujua vizuri, na ndiyo maana Charles Dickens aliutumia katika riwaya yake ya mwaka wa 1859 kuhusu London na Paris. Kisha likaja shirika la Midland Railway, lililotaka kufikisha treni zake katikati ya jiji. Njia ilipita juu ya makaburi. Mwaka wa 1866 kazi ya kufukua ilianza, na fununu za mifupa iliyotupwa ovyo zilipozagaa, msanifu majengo Arthur Blomfield alitakiwa kuisimamia ifanywe kwa heshima. Naye alimtuma msaidizi wake, kijana wa miaka 25 au 26, awe akifika makaburini jioni kuhakikisha mambo yanakwenda sawa. Jina la kijana huyo lilikuwa Thomas Hardy, yule yule ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa riwaya na mashairi wa Uingereza.

Maelfu ya maiti walihamishwa. Stesheni ya St Pancras ilifunguliwa Oktoba 1, 1868, karibu miaka 100 kabla ya Beatles kufika na kamera zao. Sehemu ya ua iliyobaki ikafanywa bustani ya umma mwaka wa 1877. Mawe mengi yaling'olewa, mengine yakapangwa kandokando ya kuta, mengine yakarundikwa kuuzunguka mti mmoja wa mwesheni yakiwa yamebanana kama vitabu kwenye rafu. Mti huo ulipewa jina la Hardy, ingawa watafiti wa historia ya mtaa huo wameitilia shaka hadithi kwamba ni yeye aliyeyapanga mawe hayo.

Kwa hivyo mtu anayetaka kuitambua picha ya St Pancras kwa kusoma jina kwenye jiwe anakabiliwa na kitendawili. Jiwe liko hapa, mwenye jiwe yuko kwingine, na pengine hakuna ajuaye ni wapi. Tajiri mmoja mwenye huruma, Angela Burdett-Coutts, aliguswa na hali hiyo kiasi cha kugharamia mnara mrefu wenye saa ya jua, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1870, ambao umeandikwa majina ya watu waliopoteza makaburi yao. Miongoni mwao yumo Chevalier d'Éon, jasusi wa Kifaransa aliyefariki mwaka wa 1810 baada ya kuishi sehemu ya maisha yake kama mwanamume na sehemu kama mwanamke. Kwa maoni yangu mnara huo ni wa kugusa moyo kuliko makaburi mengi yaliyo kamili, kwa sababu unakiri wazi kwamba watu hawa walisumbuliwa.

Hata Mary Wollstonecraft, mwandishi aliyetetea haki za wanawake kabla ya wengi kuthubutu, hayumo tena chini ya jiwe lake. Aliolewa katika kanisa hilo na William Godwin mnamo Machi 1797 na kuzikwa uani Septemba ya mwaka huo huo, siku chache baada ya kujifungua binti. Binti huyo, Mary, alipokua alizoea kwenda kwenye kaburi la mama yake, na ni hapo alipokuwa akikutana kwa siri na mshairi Percy Shelley mwaka wa 1814, kabla ya kutoroka naye. Ndiye aliyekuja kuandika hadithi ya Frankenstein. Mwaka wa 1851 mabaki ya mama yalihamishiwa Bournemouth na familia. Jiwe lake la mraba lingali St Pancras.

Katika hali hiyo kuna kaburi moja linalofaa kama nanga. Ni la Sir John Soane, msanifu majengo aliyebuni jengo la Benki Kuu ya Uingereza. Mkewe Elizabeth alipofariki mwaka wa 1815 alimjengea kaburi la mawe lenye kipaa cha kipekee, kilichojipinda kama kifuniko, na yeye mwenyewe akalazwa humo mwaka wa 1837. Reli haikuligusa. Wengi huamini kwamba kipaa hicho ndicho kilichompa Giles Gilbert Scott wazo la kilele cha kibanda chekundu cha simu cha London, alichokibuni mwaka wa 1924. Kaburi hilo limewekwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria England. Kwa sadfa, kaburi la Karl Marx kule Highgate nalo limo katika daraja hilo hilo. Basi anayetaka kujua kama yuko Highgate au St Pancras ana alama mbili zisizofanana hata kidogo: kichwa chenye ndevu juu ya nguzo ya mawe, au kipaa cha kibanda cha simu.

Kwa nini mtu mzima ajisumbue na haya yote? Wapo watakaosema ni mchezo wa mashabiki wasio na kazi. Ingekuwa hivyo kama makaburi haya yangekuwa yameachwa kwa amani baada ya mwaka wa 1877. Lakini mwaka wa 2002 na 2003 reli ilirudi, safari hii ile ya treni za kasi zinazopita chini ya bahari kwenda Ufaransa, na stesheni ikahitaji nafasi zaidi. Mamia ya makaburi yalifukuliwa kwa mara nyingine. Wanaakiolojia walilalamika kwamba walikuwa wakiharakishwa, na mitambo ya kuchimba ikaingizwa mahali ambapo wao walitaka kutumia mikono. Miongoni mwa waliopatikana alikuwa Arthur Richard Dillon, Askofu Mkuu wa Narbonne aliyefia uhamishoni London mwaka wa 1806, akiwa bado na meno yake ya bandia ya kauri mdomoni. Alirejeshwa Narbonne mwaka wa 2007.

Katika jeneza lingine, lililokuwa na mabaki ya watu kadhaa, ilipatikana mifupa ya walarasi, yule mnyama mkubwa wa bahari za barafu mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Inadhaniwa alipasuliwa na wanafunzi wa tiba au wataalamu wa maumbile kisha akazikwa pamoja na maiti wengine wa maabara. Shabiki wa Beatles hawezi kulisikia hilo bila kutabasamu, kwa kuwa mnamo Novemba 1967, miezi minane tu kabla ya kupigwa picha juu ya ardhi hiyo, bendi ilikuwa imetoa wimbo "I Am the Walrus", unaomtaja mnyama huyo huyo. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba alikuwa amelala karibu.

Ndiyo maana maelezo sahihi ya picha si mapambo. Picha za Julai 28, 1968 zilipigwa kati ya ufukuaji wa kwanza na wa pili. Zikiandikwa Highgate kwa makosa, zinakuwa picha za vijana wanne wazuri na maua. Zikiandikwa St Pancras, zinakuwa pia kumbukumbu ya jinsi bustani ile, mlango ule na uzio ule vilivyoonekana siku moja ya kiangazi, na za watu wa mtaa ule waliotoka nyumbani mwao kuona kelele zilikuwa za nini, wakajikuta ndani ya santuri zilizouzwa ulimwengu mzima.

Anayetaka kuthibitisha kwa macho yake hana safari ngumu. Atashuka King's Cross St Pancras, aifuate barabara ya Pancras Road kuelekea kaskazini, na baada ya mwendo mfupi ataliona kanisa juu ya mwinuko upande wa kulia, mnara wake ukiwa ubavuni. Asitarajie kukuta kila kitu. Mti wa Hardy, uliokuwa ukishambuliwa na kuvu kwa miaka kadhaa, ulianguka mwishoni mwa Desemba 2022, ukiyaacha mawe yake yamesimama yakizunguka kisiki. Mnara wa saa ya jua upo, na majina yake yanasomeka. Kaburi la Soane nalo liko pale pale lilipojengwa, nalo ndilo la kutafutwa kwanza.